Udongo Laini wa Bustani ya Agafia

Lozeni, Moldova
11 Machi 2001

Aurica mwanangu,

Nimenawa mikono, nimevaa miwani ya marehemu baba yako, ndipo nimekaa kukuandikia. Mimi ni mzima, ila magoti yanalia kama bawaba za mlango wa ghala. Kuku wameanza kutaga. Padre Ilarion anakusalimu. Na kila anayekuulizia dukani namjibu kwa sauti, ili waliosimama nyuma nao wasikie: binti yangu yuko Padova, anamtunza bibi wa ukoo wa maprofesa, anakaa ghorofa ya nne, anaongea Kiitaliano mpaka wenyewe wanashangaa. Zina wa hapa jirani akaropoka, "Agafia, mwanao anamwogesha mzee, hafundishi chuo." Nikamwambia, "Anamwogesha, ndiyo. Lakini anamwogesha kwa Kiitaliano." Duka zima lilicheka, Zina akaninunia mpaka Jumatano.

Sasa nikueleze vita yangu na paka. Unajua akina Cebotari walihamia Ureno tangu vuli, wao na watoto. Wakafunga nyumba, wakaacha paka wawili, wakasema mtu atawatupia chochote. Huyo mtu ni nani, hawakusema. Wale wa kona nao wamekwenda Moscow, wameacha wa kwao. Barabara yetu leo ina nyumba nne zenye watu na paka kumi na mmoja, nimewahesabu. Ningewavumilia kama wangekamata panya. Kazi yao ni kunisubiri mimi. Nalima kitalu changu pale kando ya kisima, natoa mawe, navunja mabonge kwa vidole mpaka udongo unakuwa laini kama unga wa mkate wa Pasaka, nageuka kuchukua mbegu, nikirudi namkuta yule mwekundu mwenye sikio lililochanika ameshachuchumaa katikati. Ananitazama usoni bila haya, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa choo. "Toka, mshenzi we!" Wala hashtuki. Anamaliza kwanza, anafukia, ndipo anaondoka taratibu.

Nimepanda matawi ya miiba, wanapita katikati kama wacheza harusi. Nimemwaga masizi, wamekuja nayo miguuni mpaka barazani. Zina anasema tuweke sumu kwenye ngozi za soseji, tuwamalize wote wiki moja. Wewe unasemaje?

Jambo jingine siulizi. Miaka minne tangu harusi yenu sijauliza, na leo siulizi. Ila kumbuka nilivyokufundisha: siku ikitokea, usimwambie mtu hadi miezi mitano itimie, hata mimi mama yako. Jicho la mama mwenye furaha ndilo baya kuliko yote, maana mdomo wake haufungiki. Shangazi yako Liuba alitangaza katika mwezi wake wa pili, na yaliyompata unayajua.

Grisha anaondoka Ijumaa na basi lake dogo. Nimempa chupa sita za kachumbari ya siki na kipande cha nyama ya mgongo. Mkwe wangu Anatol ale, ashibe.

Mama yako

*

Padova
25 Machi 2001

Mama mpendwa,

Mzigo umefika, chupa hata moja haikuvunjika. Jumapili asubuhi Grisha alikuwa palepale, kwenye maegesho nyuma ya stesheni, na sisi wanawake wa kwetu tumemzunguka kila mtu anatafuta jina lake kwenye mifuko. Anatol hajambo, mgongo tu, siku hizi wanabeba zege kwa ndoo. Bibi Elvira ninayemwogesha naye yupo, jana aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nikaitika.

Mama, paka usiwape sumu. Doina Cebotari aliniandikia kutoka Ureno, watoto wake kila siku wanauliza kama yule mwekundu anakula. Ntawaambia nini?

Nina ombi. Nina hamu ya kitu kibichi cha kwetu. Mboga za huku ni nzuri kuzitazama, ukitafuna ni maji. Nyama siku hizi siiwezi, harufu yake tu inanitoa jikoni, ile ya mgongo amekula Anatol peke yake. Nakuomba chochote cha kijani kitakachotangulia kutoka, hata kama ni majani mawili. Naota figili zako, mama, naziota kabisa.

Usiniulize kwa nini.

Aurica

*

Lozeni
12 Aprili 2001

Aurica mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilikuwa natabasamu. Hutaki nyama. Unataka kibichi. Haya, sisemi kitu! Midomo nimeifunga, barua nimeiweka nyuma ya picha ya Mama wa Mungu, nikapiga ishara ya msalaba kwa ajili ya yeyote anayehusika. Basi.

Grisha anatoka kesho, Ijumaa Kuu, kwa hiyo Pasaka hii utakula vya kwetu ukiwa kwenu huko. Nimekuwekea saladi vichwa vinane, vitunguu vya majani, figili, na majani ya kutia kwenye supu. Vyote vimetoka kwenye kitalu cha kisimani, chini ya nailoni, kabla mtu yeyote kijijini hajaona hata jani. Sikuviosha, vikiloa vitaoza njiani. Nimevipangusa kwa aproni mpya, jani moja moja. Wewe vikung'ute tu ule vivyo hivyo na chumvi. Maji ya huko ya dawa yatakuulia ladha bure.

Sumu sikuweka, nimefuata neno lako. Kila asubuhi nashuka na koleo, naondoa ninachokiona. Vingine wamefukia wenyewe, sivioni, ardhi itamaliza. Zina alinikuta nafunga mfuko wako, akaegemea uzio.

"Agafia, unampelekea mtoto mboga za chooni kwa paka?"

"We Zina! Watoto wako ndio walilala kitanda kimoja na paka wakalamba sahani moja. Aurica wangu mpaka anaolewa paka hajavuka kizingiti changu. Hajawahi kumshika hata mkia. Leo wewe ndiye wa kunifundisha usafi?"

"Mimi nina wajukuu watano, usafi nimeujulia hapo."

Hilo lilinichoma, siwezi kukuficha. Lakini nilimwangalia tu nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Akashangaa mwenyewe, akaniuliza kama naumwa. Ngoja tu. Mimi najua ninachojua.

Kristo amefufuka, mwanangu. Kula.

Mama yako

*

Padova
6 Mei 2001

Mama mpendwa,

Kweli amefufuka.

Sikufika nao nyumbani ule mfuko. Niliufungua palepale kwenye maegesho, nikala saladi nimesimama, jani kwa jani, na figili zikiwa na udongo wake. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Raisa wa Soroca akasema, "Mwacheni, huyu anakula kwa mdomo wa mwingine." Nikamziba mdomo. Tangu nije Italia sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Vitunguu nilikula wiki nzima, Anatol akahamia kulala kwenye kochi.

Barua imechelewa kwa kuwa nilipata homa siku kama sita, na vivimbe hapa chini ya masikio, vidogo kama njegere. Imeshaisha. Mafua tu, Bibi Elvira naye alikuwa anakohoa. Nilikwenda kupimwa kwa jambo jingine, wakanitoa damu chupa tatu. Huku wanapenda damu ya watu.

Ukipata zaidi tuma.

Aurica

*

Lozeni
27 Mei 2001

Aurica mwanangu,

Nimekutumia stroberi, zifike kabla hazijatoa maji, na saladi nyingine. Siku ya Pasaka ya Wafu tulikuwa makaburini wote, nilitandika kitambaa cheupe juu ya kaburi la baba yako, nikagawia majirani vikombe kumi na viwili na mikate kwa ajili ya wafu wetu, na kikombe chake nikachagua chenye maua ya bluu. Nilimwambia habari. Yeye si mtu wa kutangaza.

Nilipanda darini kufagia tu, nikakutana na kile kitanda chako cha kubembeza. Mbao zake nzima kabisa. Nimekifuta na kukipaka mafuta ili kisiliwe na wadudu, sina sababu nyingine.

Paka sasa ni kumi na watano, mmoja amezalia ghalani kwa Cebotari.

Nahesabu kwa vidole. Juni ni mwezi wako wa tano, au siyo? Nasubiri barua ya Juni. Andika kwa herufi kubwa nimsomee Zina bila miwani.

Mama yako

*

Lozeni
24 Juni 2001

Aurica,

Grisha amerudi mara mbili na chupa tupu bila barua. Nilimuuliza, "Umemwona?" Akasema amemwona Anatol. "Na Aurica?" Akajishughulisha na tairi. Tairi lilikuwa zima, nimeliona.

Umenikasirikia nini? Kama ni kwa sababu nimedokeza kidogo, basi nimekosa. Sijamwambia mtu. Naapa kwa kaburi la baba yako, hata kuku sijawaambia.

Mama

*

Lozeni
15 Julai 2001

Aurica,

Nyanya zimeanza kuwiva. Nasubiri.

Mama

*

Padova
29 Julai 2001

Mama,

Nilikuwa mgonjwa, nimepona, nimerudi kazini. Anatol anakusalimu. Usitume mboga tena. Wala matunda. Familia ya Bibi Elvira haitaki vitu vichafu ndani ya nyumba.

Aurica

*

Lozeni
12 Agosti 2001

Aurica,

Vichafu!

Nimesoma hilo neno nikaenda nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Mimi Agafia, ambaye mke wa mwenyekiti anakuja kuniomba mbegu! Ambaye sakafu yangu unaweza kukandia mkate! Mwambie huyo bibi na maprofesa wake kwamba mimi nilikulea bila kunguni, bila chawa, bila minyoo, nesi wa shule alikuonyesha kwa wengine kama mfano. Ungeweza kusema, "Mama, sitaki." Ningeelewa. Lakini neno hilo umelitoa wapi?

Nimeandika ya juu jana. Leo nimetulia.

Mwanangu, mwezi wako wa tano umepita, wa sita umepita. Siulizi. Naona tu kalenda iko ukutani na mimi nina macho.

Kuna jambo sielewi. Jana nilimbana Grisha, nikamwambia harudishiwi kikapu chake mpaka aseme kitu. Akasema, "Mama Agafia, mimi ni dereva tu. Anatol aliniuliza jambo moja, kama kwenye bustani yako kuna paka. Nikamwambia wapo wengi, kijiji kizima ni paka. Akaketi chini kwenye lami." Paka wanahusu nini? Kama Anatol ana mzio wa paka, mbona mboga ulikuwa unakula wewe? Kesho nakwenda zahanati kuchukua dawa ya magoti, nitamuuliza nesi Galina, tucheke kidogo.

Mama yako

*

Lozeni
26 Agosti 2001

Aurica mwanangu,

Galina hakucheka.

Nilianza kama mzaha, namweleza mkwe wangu anayeulizia paka kutoka Italia. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Aurica ana mimba?" Ni mara ya kwanza neno hilo kutamkwa mbele yangu, na nikaogopa hata kuitika. Nikaitika. Akauliza nimetuma nini, lini, kimetoka wapi, nimekiosha? Nikamwambia nilikipangusa kwa aproni mpya. Aurica, nilisema hivyo kwa kujisifu. Mdomo wangu ulikuwa bado haujapata habari.

Akanieleza. Kwamba kwenye kinyesi cha paka kuna kijidudu, kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, kinapanda na saladi. Mtu mzima anapata homa siku chache na vivimbe shingoni, basi. Lakini kwa mtoto aliye tumboni kinaingia kichwani. Nikamwambia ana vivimbe kama njegere, aliniandikia. Akasimama akafunga mlango.

Sijui nilivyofika nyumbani. Nilichukua jembe. Niling'oa saladi, vitunguu, figili, stroberi, nikang'oa na nyanya ambazo hazikukosa lolote. Nilichimba kuanzia kisimani mpaka kwenye uzio, siku nne, mpaka Zina akaja kunishika mikono. "Agafia, unazika nini?" Nikamwaga chokaa, nikachimba tena. Na unajua nini, mwanangu? Jana asubuhi nimetoka barazani nimewakuta wote, na yule mwekundu mbele. Nimewalimia bustani nzima. Sijawahi kuwa na udongo laini kiasi hicho.

Nilikuwa na sumu ya Zina kwenye kopo. Nililishika, nikalirudisha. Wao hawakufunga ule mfuko.

Usiniandikie kama huwezi. Ila kama unaweza, niambie.

Mama

*

Padova
23 Septemba 2001

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Neno lile, vichafu, lilikuwa langu, bibi hajui kitu. Nilitaka ukasirike, kwa sababu mtu akikasirika haulizi.

Alikuwa msichana. Mwanzoni mwa Juni walimpiga picha kwenye mashine, daktari akaita mwingine. Kichwani maji yalikuwa yamejaa. Tarehe ishirini na mbili akaacha kucheza. Tarehe ishirini na tatu nikamzaa. Siku uliyoniandikia ile barua ya tairi, mimi nilikuwa bado nimelala hospitali.

Alikuwa na nywele. Nilidhani wadogo hivyo hawana. Nyeusi, zimelala upande mmoja kama alichanwa.

Anatol alitengeneza sanduku mwenyewe. Yuko makaburini, kwenye kona ya watoto, mstari wa mwisho, karibu na bomba la maji. Hakubatizwa, hakuna jina juu, kuna namba. Sitakuandikia namba.

Daktari aliniuliza kama nafuga paka. Nikasema hapana, wala kwetu hatukufuga kamwe. Akashangaa. Akasema wasichana wa vijijini wengi wameshakipata kijidudu hiki wakiwa wadogo, kwa kucheza na paka, damu yao inakijua, mtoto hapati shida. Damu yangu ilikuwa haijawahi kukutana nacho. Akasema ni kama nililelewa ndani ya chupa. Sikutaka kukuambia hili, mama. Nimeliandika, sitalifuta.

Ningekuambia nikiwa na miezi miwili, ungeosha? Kila siku najiuliza. Nilijua unajua. Nilikuona unavyotabasamu kwenye karatasi. Tulinyamaza wote wawili kwa ajili yake.

Nilikula mwenyewe, kwa mkono wangu, na sikuosha. Hilo nalo liweke.

Aurica

*

Lozeni
4 Novemba 2001

Aurica mwanangu,

Nimechelewa kukujibu, na unajua si kawaida yangu.

Jana ilikuwa Jumamosi ya wafu ya vuli. Nilikwenda kwa Padre Ilarion na karatasi ya majina ya wafu wetu ya kusomwa kwenye ibada, baba yako, bibi zako, na chini kabisa nikaacha mstari mtupu. Akauliza ni wa nani. Nikamweleza. Akasema asiyebatizwa hasomwi, Agafia, ndivyo ilivyo, si mimi. Sikubishana. Nilichukua karatasi yangu nikarudi.

Nilioka mikate kama kawaida. Wa mwisho niliufanya mdogo, wa kutosha kiganja cha mtoto. Nikatafuta kikombe, vyote vilikuwa vikubwa, nikachukua kile ulichonywea maziwa ulipokuwa na miaka miwili, chenye mpini uliogundishwa. Nikawasha mshumaa. Nikaenda kwenye uzio, nikamwita Zina.

Akapokea. Akaangalia kikombe, akaangalia mkate. "Hiki kwa ajili ya nani, Agafia?"

"Kwa ajili ya mjukuu wangu."

Nilimngoja aseme la wajukuu wake watano. Hakusema. Aliweka mshumaa juu ya nguzo ya uzio, akaukinga upepo kwa mkono. Paka walikuwa wanapita miguuni mwetu, ardhi nimeiacha vilevile, sitapanda tena, wachukue. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, kama anauliza habari za mtoto aliyelala chumba cha pili:

"Alikuwaje?"

Basi nikamsifia, mwanangu. Miaka yote nimesubiri kusimama kwenye uzio ule nimsifie mjukuu. Nikamwambia, msichana. Nywele nyeusi, za kwetu, si za akina Anatol. Zimelala upande mmoja. Kama alichanwa.

Mama yako